Sindano za Chunjua: Ipi Imfaayo Dada wa Liboi?



Dada yetu wa Liboi ametuandikia kwamba mikono yake imeota chunjua zipatazo ishirini, naye huificha ndani ya buibui hina inapopakwa harusini. Amekwisha kuzichoma kwa dawa ya asidi, zikarudi. Sasa ameambiwa ziko sindano, na anauliza ipi bora.

Chunjua huletwa na virusi viitwavyo HPV, navyo hukaa juu juu ya ngozi, mahali ambapo kinga ya mwili haivitambui upesi. Daktari hudunga, ndani ya chunjua iliyo kubwa kuliko zote, kitu ambacho mwili unakifahamu. Askari wa mwili wakija kukipiga, huvikuta na virusi. Ndiyo maana chunjua za mkono wa pili, ambazo hazikuguswa, nazo huweza kukauka.

Miongoni mwa sindano zilizolinganishwa, hasa katika hospitali za Misri na India, zimo chanjo ya MMR (surua, matumbwitumbwi na rubela), dawa ya kupimia kifua kikuu iitwayo PPD, na vitamini D3. Hudungwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa kawaida mara tatu hadi tano. MMR na PPD zimesifiwa zaidi, lakini tafiti nyingi ni ndogo na hazikubaliani, wala hakuna iponyayo kila mtu.

Kwa hiyo sisi tungemwuliza dada yetu kwanza: una mimba, au unaitarajia? MMR ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mjamzito hadungwi, na aliyedungwa hungoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Mwenye kinga dhaifu naye asiikaribie. Tena MMR na PPD hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu dukani mpaka kwenye sindano, na joto la Liboi mwalijua. Asidhani ataipata MMR kwenye kliniki ya watoto: huko serikali hutoa chanjo ya surua na rubela, bila matumbwitumbwi, na dozi hizo ni haki ya watoto.

Liko pia swali la jelatini. MMRVaxPro ina jelatini ya nguruwe, Priorix haina. Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 walisema kitu kilichokwisha kugeuka kikawa kingine, yaani istihala, jelatini ikiwemo, kinajuzu. Asiyetulia moyo na aulize jina la chanjo kabla ya kulipa.

Vitamini D3 haina virusi, wala haidai baridi hiyo. Huuma sana, ndiyo maana hutanguliwa na dawa ya ganzi, na kidole huweza kuvimba siku kadhaa. Kwa mtu wa Liboi, ambaye kila sindano ni safari ya kupita Dadaab hadi Garissa, sisi tungemwuliza daktari wa ngozi kuhusu hiyo kwanza. Akiwa mjamzito, na asubiri azae.

Watoto wasikimbiziwe sindano. Chunjua zao nyingi huondoka zenyewe ndani ya miaka miwili. Wala mtu asizikate kwa wembe: hupandikiza nyingine pembeni, na wembe ukiazimwa, virusi huenda nao.