Mzungu Anayemwabudu Krishna Si Mwigizaji

Katika miji ya Mara, kuanzia Musoma hadi Bunda, iko rai inayosemwa kana kwamba haihitaji ushahidi: Uhindu ni mali ya Wahindi, na mtu huzaliwa nao kama anavyozaliwa na jina la ukoo. Basi akionekana Mzungu amejifunga vazi la Kihindi, amejipaka alama ya udongo kwenye paji la uso, anaimba jina la Krishna mbele ya sanamu, hukumu hutolewa papo hapo. Anaigiza huyo. Amechoka na dini ya kwao. Ni mtalii aliyepitiliza. Wanaosema hivyo ni watu wenye akili na nia njema, lakini wanakosea, na sisi wa Mara tuna sababu nyingi kuliko wengine za kuikataa rai hiyo.

Kwanza tuitendee haki, maana haikuzuka hivi hivi. Mzanaki wa Butiama anajua kwamba zipo ibada ambazo mgeni hana nafasi ndani yake. Tambiko la ukoo ni la wenye ukoo. Msitu wa Muhunda pale Butiama ni mahali patakatifu kwa Wazanaki, na utakatifu huo umefungamana na watu wale, wahenga wale na ardhi ile. Mgeni anaweza kuheshimu, ila hawezi kujipa undugu asiokuwa nao. Aliyekulia katika mazingira hayo akiitazama dini ya jirani, ni rahisi adhani kila ibada ni tambiko la ukoo.

Uhindu nao una ibada za aina hiyo. Mtoto wa kiume anapowatolea sadaka wazazi na mababu waliotangulia, katika ibada iitwayo shraddha, analipa deni la damu. Hakuna mtu wa London au Chicago anayeweza kumlipia. Lakini sambamba na ibada hizo imestawi kwa karne nyingi njia ya bhakti, yaani kumpenda Mungu na kumtumikia, ambayo haimuulizi mtu babu yake ni nani. Chaitanya, mwalimu mkubwa wa njia hiyo huko Bengali, aliishi kati ya mwaka 1486 na 1534. Mmoja wa watu wake wa karibu kabisa alikuwa Haridas, aliyetoka katika familia ya Kiislamu, na waumini wanamheshimu hadi leo kama mwalimu wa kulitaja jina la Mungu. Kosa la rai tunayoijadili liko hapo: inachukua sheria ya ibada za ukoo na kuitumia kuhukumu ibada ya mapenzi.

Tazama ibada yenyewe. Katika arati, kuhani hupuliza gamba la konokono wa baharini, hupiga kengele, kisha huizungusha mbele ya sanamu taa yenye tambi zilizochovywa kwenye samli. Hutoa maji, kitambaa na maua, huku waumini wakiimba kwa ngoma na matoazi. Baadaye taa hupitishwa kwa watu, na kila mmoja huweka viganja juu ya mwali na kuvigusisha kwenye paji la uso. Mwisho hugawiwa prasadi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu. Anayeshiriki huvua viatu, huimba na kupokea. Hakuna hatua hata moja inayodai cheti cha nasaba.

Wengine watasema huu ni mtindo tu ulioletwa na vijana wenye nywele ndefu wa miaka ya 1960. Tarehe zinawakatalia. Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, alihutubia Bunge la Dini huko Chicago mwaka 1893, na mwaka 1898 alimpokea katika nadhiri Margaret Noble, mwanamke kutoka Ireland aliyepewa jina la Nivedita, akaishi na kufanya kazi India hadi kifo chake mwaka 1911. Ni kweli kwamba umaarufu ulikua baadaye, Bhaktivedanta Swami Prabhupada alipoanzisha jumuiya ya Hare Krishna jijini New York mwaka 1966, na mwanamuziki George Harrison alipoiunga mkono. Ni kweli pia kwamba wengi walipita tu. Ila hakuna dini isiyo na wapita njia, na hatuihukumu yoyote kwa hao.

Wahukumiwe kwa kile wanachobeba wale wanaobaki. Mfuasi aliyepokelewa rasmi katika jumuiya ya Hare Krishna huacha nyama, samaki na mayai, huacha pombe, tumbaku, hata chai na kahawa, huacha kamari na zinaa. Kila siku huzungusha mara 16 tasbihi yenye shanga 108, akitaja jina la Mungu kwenye kila shanga. Huamka kabla ya alfajiri kwa arati ya kwanza. Mtu wa Musoma anaelewa kuliko wengi maana ya kuaga sangara, sato na dagaa kwa maisha yote. Anayeishi hivyo miaka 20 au 30, kwa hiari yake, wakati hakuna anayemlipa wala kumlazimisha, hatuwezi kumwita mwigizaji.

Tujitazame na sisi. Mapadri wa White Fathers walifungua misheni Nyegina mwaka 1911. Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934. Hakuna babu yetu aliyezaliwa katika dini hizo. Hata hivyo Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alibatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima, na mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Zedekia Kisare alifanywa askofu wa kwanza Mtanzania wa Kanisa la Mennonite mwaka 1967. Nani leo Butiama atathubutu kusema kwamba Mwalimu, aliyekuwa mtu wa misa hadi mwisho wa maisha yake, alikuwa anaigiza ibada ya Waitaliano? Tukikubali kwamba Mzanaki anaweza kuwa Mkristo wa kweli, na Mswahili Mwislamu wa kweli, hatuna msingi wa kumkatalia Mwingereza kuwa mja wa kweli wa Krishna.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu inatoka ndani ya Uhindu wenyewe. Hekalu la Jagannath mjini Puri haliwaruhusu wasio Wahindu kuingia, na waumini wa Kimagharibi wamezuiwa mlangoni pake. Sheria ya mlango ni ya wenye nyumba, na mgeni mwenye adabu huitii. Lakini sheria ya hekalu moja haiwezi kuwa hukumu ya dini nzima. Milango mingi ya India iliwahi kufungwa hata kwa Wahindu wa tabaka za chini. Ufalme wa Travancore, huko huko India, uliwafungulia kwa tangazo la mfalme wake mwaka 1936. Na Haridas niliyemtaja hakuingia katika hekalu hilo la Puri. Aliishi karibu nalo akiomba, na Chaitanya ndiye aliyekuwa akienda kumtembelea. Kuzuiwa mlangoni hakukumpunguzia ibada yake.

Jambo moja nawakubalia wanaopinga. Wakati wa ukoloni, Wazungu wengi waliidharau dini ya Wahindi na kuiita ushenzi. Mjukuu wao anayeingia hekaluni leo hana budi kuingia kama mwanafunzi. Akija kufundisha wenyeji dini yao, kuchagua yanayopendeza na kutupa yanayomchosha, au kugeuza ibada kuwa picha ya kuonyesha marafiki, lawama zitamstahili. Atalaumiwa kwa mwenendo wake. Kuzaliwa kwake hakuhusiki.

Suala hili linatugusa Waafrika moja kwa moja. Mwaka 1971 Prabhupada alipofika Nairobi, aliwaagiza wafuasi wake wasiishie kwa Wahindi tu, bali wawafungulie Waafrika milango, waimbe nao na kula nao. Nchini Ghana, Swami Ghanananda Saraswati alianzisha monasteri ya Kihindu mwaka 1975 na kuiongoza hadi alipofariki mwaka 2016. Rai kwamba Uhindu ni wa damu ndiyo ambayo ingemfukuza huyo pia, na kesho itamfukuza kijana wa Bunda atakayevutwa na njia hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Mara tuiache rai hii. Tukikutana na mtu katika ibada ambayo wazazi wake hawakuijua, tumuulize amedumu kwa muda gani, ameacha nini, na anawatendeaje waliomtangulia. Nao viongozi wa mahekalu katika miji yetu nawasihi wawapokee wanaobisha hodi kwa adabu, wawe weupe au weusi. Ibada ya ukoo ibaki kwa wenye ukoo. Ibada ya mapenzi ni haki ya kila anayeitimiza.