Nani Atakisukuma?

Watu wakitaka kununua kigari cha mtoto huuliza bei, huuliza rangi, huuliza kama ni cha Uingereza au cha China, na wanaojua zaidi huuliza kama kiti kinageuka. Swali ambalo lingepaswa kutangulia yote hayo hawaliulizi: nani atakisukuma? Nimeusikiliza mjadala wa namna hii katika ukoo wetu kwa wiki nzima. Ninaandika kwa sababu nimechoka kuona watu wenye shahada mbili mbili wakimchagulia mtu chombo cha kazi bila hata kukumbuka kwamba yupo.

Binamu yangu yuko miezi saba. Kundi la WhatsApp la michango lina watu 43, na suala la kigari peke yake limekula siku tano. Magurudumu matatu au manne? Kijivu au cheusi? Shangazi mmoja katuma picha ya kigari alichokiona Dubai, kina sehemu ya kuwekea kikombe cha kahawa. Mjomba, ambaye katika maisha yake yote sijapata kumwona amebeba mtoto zaidi ya dakika mbili, kaandika ujumbe mrefu kuhusu springi. Bei iliyopitishwa ni shilingi 650,000.

Sasa tufanye hesabu nyingine. Binamu ameajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua mtoto mmoja likizo ya siku 84. Siku ya 85, saa kumi na mbili asubuhi, atakuwa kituoni akigombea usafiri wa kwenda mjini, na atarudi jua limezama. Mtoto wa chini ya miezi mitatu halazimiki kwenda kokote zaidi ya kliniki. Kwa hiyo kipindi ambacho kigari kitatumika kweli, yaani kuanzia mwezi wa nne mpaka mtoto aanze kukataa kukaa, anayekisukuma asubuhi, mchana na alasiri ni dada wa kazi. Dada huyo hayumo kwenye kundi. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika nyumba zetu hakuna mtu asiyekuwepo kama yule aliyepo muda wote.

Analipwa 90,000 kwa mwezi. Kigari ni zaidi ya mishahara yake saba. Sisemi hilo ili kigari kisinunuliwe. Nasema tu kwamba watu 43 tumekubaliana kutumia mishahara saba ya mtu kununua kifaa cha kazi yake, na hakuna aliyemwuliza kimo chake.

Hata historia ya chombo hiki ingetufundisha kidogo. Mwaka 1733 William Kent, msanifu wa majumba na bustani wa Uingereza, alibuni kigari kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire. Hakikuwa cha kusukumwa. Kilivutwa na mnyama mdogo, mbuzi au farasi wa kimo kifupi, na watoto wakatembezwa bustanini waonekane. Mwaka 1889 William H. Richardson, Mmarekani Mweusi wa Baltimore, alipata hataza ya kigari ambacho kitanda chake kiliweza kugeuzwa ili mtoto atazamane na anayesukuma. Kisha mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kushughulikia magurudumu ya ndege za kivita za Spitfire, alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito, akatengeneza cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Richardson alimkumbuka anayesukuma. Maclaren alimtazama anayesukuma akihangaika. Sisi wa Dar es Salaam tumerudi kwa Kent: kigari ni cha kuonekana, na mahali pa mbuzi tumemweka binti wa watu.

Ninasoma uzamili wa mipango miji, kwa hiyo mnivumilie nikizungumza kidogo kuhusu barabara. Binamu anakaa Kimara, ng'ambo ya lami. Kutoka getini kwake mpaka dukani kwa Mangi ni kama mita 300, na katika mita hizo kuna mchanga wa kuzamisha kisigino, kokoto ambazo mkandarasi alizimwaga akaondoka, korongo lililochimbwa na mvua za masika, na mtaro usio na mfuniko ambao watu wameuwekea ubao mmoja wa kuvukia. Ubao una upana wa hatua ya mtu. Vigari vingi vya dukani vina magurudumu madogo ya plastiki, pengine mawili mawili kila mguu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya vigae na njia za zege. Kwenye mchanga gurudumu dogo haliviringiki, linalima. Mtoto anasukwasukwa mbele, mikono ya anayesukuma inakandamiza nyuma ili kuinua pua ya kigari, na kiuno ndicho kinacholipa. Gurudumu kubwa la tairi la upepo linapita, na likipata pancha fundi baiskeli wa mtaani analiziba kwa bei ya soda. Jambo hili hakuna mtu kwenye kundi aliyelitaja. Dada angelitaja kwa sentensi moja, maana njia hiyo anaipita na ndoo.

Mji wenyewe una lawama yake. Tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayosema majengo na huduma za umma zifikike, na vituo vya mwendokasi vilivyoanza kutumika mwaka 2016 vimejengwa na miteremko ya zege na sakafu inayolingana na mlango wa basi. Hapo kiti mwendo kinapita, na panapopita kiti mwendo kigari cha mtoto kinapita. Toka nje ya kituo uone njia hiyo inaishia wapi. Ninavyoona mimi, njia za miguu zimeendelea kuwa hivi kwa sababu wenye sauti ya kuzidai wamezikimbia. Hupakia kigari kwenye buti la gari, wakakitembeze juu ya vigae vya Mlimani City Jumamosi moja kwa mwezi, wakapiga picha. Siku nyingine 29 kigari kiko mikononi mwa mtu ambaye hakuna ofisa wa manispaa atakayempokea.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu limeshatumwa kwenye kundi: huu wote ni uzungu, bibi zetu walitulea kwa mbeleko. Wanaume huipenda sana hoja hii. Mimi sina ugomvi na mbeleko. Mmarekani mmoja, Ann Moore, aliyekuwa Togo na Peace Corps mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni, akarudi kwao akatengeneza kibebeo alichokiita Snugli na kukipatia hataza mwaka 1969. Leo vibebeo vya namna hiyo vinauzwa madukani kwetu kwa bei ambayo ungenunulia doti kadhaa za kanga. Kwa hiyo sihitaji kuhubiriwa kwamba mbeleko ni teknolojia. Ila mbeleko ni mgongo wa mtu. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi, na dada huyo huyo anapika, anafua, anainama kudeki. Ukisema mbeleko inatosha, sema mgongo wa nani, na kwa saa ngapi. Bibi zetu walipokezana, kulikuwa na mashangazi, mawifi na watoto wakubwa uwanjani. Kimara kuna geti, na nyuma ya geti kuna binti mmoja.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Kariakoo kuangalia bei. Binamu, mimi, na dada aliyekuja kubeba mifuko. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimkalisha binamu kwenye kiti cha plastiki. "Mama kijacho, wewe kaa tu, mimi nikuonyeshe kazi." Alikunja, akakunjua, akabonyeza hiki na kile. Alipofika kwenye kigari kile cha 650,000, nilimwomba dada aweke mifuko chini akisukume. Muuzaji alinitazama kama nimemwomba amjaribishe mpita njia. Dada alikwenda hatua nne, akarudi hatua nne, akasema kwa sauti ndogo:

"Dada, hiki kitakuwa kinanigonga miguuni."

Alikuwa anasema kweli. Yeye ni mrefu, ana hatua ndefu, na ule mtaimbo wa nyuma unaounganisha magurudumu mawili ulikuwa unakutana na vidole vyake kila alipotupa mguu. Mpini nao ulikuwa chini, ikabidi ainame kidogo. Kwa hatua nne unacheka. Kwa mwaka mzima ni maumivu ya mgongo na kucha iliyong'oka. Tena kulikuwa na breki: ya kunyanyua kwa ncha ya kiatu. Dada alikuwa amevaa kandambili, kama kila siku. Jaribu kunyanyua chuma kwa kidole gumba kitupu. Muuzaji akasema, "Atazoea." Binamu hakusema kitu, lakini aliinuka kutoka kwenye kile kiti cha plastiki akausukuma mwenyewe, na tumbo lake, mpaka mlangoni.

Suala la breki silipiti haraka, kwa sababu hapo ndipo kuna mtoto. Kigari kikiachwa kwenye mteremko na breki ngumu kukanyaga, kitaondoka. Kamba za kumfunga mtoto zinazopita mabegani, kiunoni na katikati ya miguu zina kazi kama tu anayefunga anaweza kuzifunga na kuzifungua kwa haraka. Zikiwa ngumu, zitaachwa zikining'inia. Mtoto ambaye shingo haijakaza hawekwi kwenye kiti kisicholala. Na jua la Dar likiwaka, watu hutupa kanga juu ya kigari kizima wakidhani wanampa mtoto kivuli, kumbe wameziba upepo na joto linajikusanya ndani. Haya yote huambiwa nani? Muuzaji humwambia anayelipa. Anayelipa huenda kazini. Kisha kigari kikipinduka mtaroni, hakuna atakayekumbuka magurudumu, mpini, breki wala ubao. Litaulizwa swali moja, na litaulizwa kwa ukali: "Ulikuwa unafanya nini?" Binti atafungasha nguo zake jioni hiyo hiyo. Kwa nini basi anayebeba lawama yote asipewe hata kura moja ya kuchagua?

Vya mtumba sivikatai, vingi ni imara kuliko hivi vipya vinavyong'aa. Lakini viangaliwe kwa mikono, tena na atakayevikunja. Mwaka 2009 kampuni hiyo hiyo ya Maclaren ilitangaza Marekani utaratibu wa kurekebisha vigari vipatavyo milioni moja, kwa sababu bawaba za kukunjia zilikuwa zimekata ncha za vidole vya watoto. Tangazo la namna hiyo humfikia mnunuzi wa kwanza mwenye risiti. Kwenye bandali la mtumba hakuna risiti.

Jamaa mmoja msomi ameniambia kwa faragha kwamba ninachanganya mambo: pesa ni za ukoo, mtoto ni wa binamu, dada ni mwajiriwa, na mwajiriwa hachagui. Mtu huyu akijenga humwuliza fundi saruji ipi inashika, na akinunua gari humpa dereva wake alijaribu. Anaita hiyo busara. Ila kazi ikiwa ya kulea, na anayeifanya akiwa binti aliyeishia darasa la saba, ghafla maarifa yote yanahamia kwa watu wenye simu kubwa. Amelea watoto watatu wa watu kabla ya kufika kwetu. Mimi nimelea tasnifu moja, na bado haijakaza shingo.

Nendeni naye dukani. Avae kandambili zake, asivae viatu vya kutokea. Pitieni kwanza sokoni mnunue mfuko wa sembe wa kilo kumi, muuweke kitini na kuufunga kamba zote, afunge yeye, kisha afungue kwa mkono mmoja huku wa pili ameshika mfuko wa nyanya. Aukunje, aubebe mpaka bajaji, aone kama unaingia nyuma ya kiti. Halafu asukume nje ya duka, siyo juu ya vigae: ashuke ukingo wa barabara, apite kwenye mchanga, azunguke pikipiki iliyoegeshwa njiani, na wewe unayelipa utembee nyuma yake kimya. Muuzaji akikataa kitoke nje, kuna duka jingine mlango wa pili.