Kanisa la Sitka si nakala

Mwaka 1966, tarehe 2 Januari, moto uliozuka katikati ya mji mdogo wa Sitka, Alaska, uliteketeza Kanisa Kuu la Kiorthodoksi la Mtakatifu Mikaeli. Jengo linaloonekana leo mahali pale pale ni la zege na chuma, na lilitabarukiwa mwaka 1976. Wapo wanaolidharau kwa kuliita nakala. Hoja yangu ni kwamba kanisa la kale halihesabiwi kwa umri wa mbao zake peke yake, na Sitka ni ushahidi tosha.

Kanisa la kwanza lilitabarukiwa mwaka 1848, Sitka ilipokuwa makao makuu ya makoloni ya Urusi katika Amerika. Askofu wake, Ivan Veniaminov, alikuwa pia fundi hodari wa useremala na saa. Lilijengwa kwa magogo yaliyofunikwa mbao kwa nje, na kuta za ndani zikavikwa kitambaa cha tanga. Ramani yake ilikuwa ya msalaba, yenye kuba katikati na mnara wa kengele upande wa magharibi. Mwaka 1867 Urusi iliiuzia Marekani Alaska kwa dola milioni 7.2. Bendera ikashushwa, Warusi wengi wakarudi kwao, lakini ibada haikukoma. Katika miongo iliyofuata, Watlingit, wenyeji wa eneo hilo, walibatizwa kwa wingi. Kanisa lililokuwa la watawala likawa la wenyeji, huku jengo likiwa lile lile. Kama maana ya jengo iliweza kubadilika huku mbao zikibaki, kwa nini isiweze kubaki mbao zinapoteketea?

Siku ya moto, watu wa mji, wakiwemo wasio Waorthodoksi, walipanga mstari wakapokezana ikoni, yaani picha takatifu, hadi nje. Kengele ziliyeyuka, lakini ikoni nyingi ziliokolewa. Isitoshe, miaka michache kabla ya hapo wasanifu wa mpango wa serikali wa kuhifadhi kumbukumbu za majengo ya kihistoria walikuwa wamelipima kanisa na kulichora. Michoro hiyo ndiyo iliyowaongoza wajenzi, na ikoni zilizookolewa zikarudi kwenye ukuta unaotenganisha waumini na madhabahu. Ukuta huo si pambo: Liturujia ya Kiorthodoksi huendeshwa kwa kuufuata.

Wapinzani wana hoja mbili nzito. Ya kwanza, ufundi wa magogo umepotea, na zege haliwezi kuurudisha. Ni kweli, na mgeni anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini ukweli huo unapunguza thamani ya jengo kama sampuli ya useremala, si kama kanisa. Ya pili, tukikubali majengo yaliyorudishwa tutawapa wenye tamaa ya viwanja kisingizio cha kubomoa cha kale na kuahidi kingine kama hicho. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, Sitka haikubomoa, iliunguliwa. Na ilijenga upya kwa vipimo, si kwa kukisia, kwa ajili ya waumini walewale. Penye kukosekana sharti mojawapo kati ya hayo, neno nakala litakuwa la haki. Kwa hiyo halmashauri yoyote yenye jengo la thamani ianze na kazi ya bei nafuu kuliko zote: kulipima na kulichora sasa, lingali limesimama.