Goti Lililovimba Lisivutwe

Kiangazi kikifika ardhi ya Lualaba hukauka ikawa ngumu kama tofali, na vijana wa Mutshatsha, kama wenzao wa Kolwezi, hucheza mpira juu yake. Ndipo hutokea jambo hili: kijana anakimbia, anakanyaga ili ageuke ghafula, wala hakuguswa na mtu. Goti linalia, naye anaanguka. Kabla ya usiku kuingia goti limevimba kama kibuyu. Kesho yake wazee humwita fundi wa kuvuta viungo. Twawasihi wazazi: goti la namna hiyo lisivutwe. Tueleze sababu.

Katika goti mifupa miwili mikubwa hukutana: mfupa wa paja juu, na muundi chini. Mbele yake hukaa pia ya goti. Kati ya mifupa hiyo zimo gegedu mbili, zenye umbo la mwezi mwandamo, ambazo hupokea uzito wa mwili ili mifupa isisagane. Lakini ncha za mifupa hiyo hazikuingiana kama mpini na jembe. Kinachozifunga ni kano nne, yaani kamba ngumu za mwili. Mbili zi ubavuni, moja ndani na moja nje, nazo huzuia goti lisipinde upande. Mbili nyingine zi katikati, zimepishana kama msalaba. Ya mbele huzuia muundi usiteleze kwenda mbele. Ya nyuma huuzuia usirudi nyuma.

Kano ya msalaba ya mbele ndiyo inayokatika mara nyingi mchezaji ageukapo au atuapo kutoka juu, mguu umekazwa chini na mwili umezunguka. Ikikatika hutoa damu ndani ya kiungo, na kwa hiyo uvimbe huja upesi, katika saa chache tu. Basi, fundi avuta nini? Mfupa haukutoka mahali pake. Akivuta na kukanda kwa nguvu, aweza kuzidisha damu, na kupasua gegedu iliyokuwa nzima.

Kano ya ubavu wa ndani mara nyingi huunga yenyewe, mtu akipumzika. Kano ya msalaba kwa kawaida haiungi vema. Hatari yake ni hii: baada ya majuma machache uvimbe hupungua, maumivu hutulia, kijana adhani amepona, naye arudi uwanjani. Goti lisilo na kano huponyoka tena, na kila mara laharibu gegedu. Hivyo kijana wa miaka 17 aweza kujipatia goti la mzee, naye bado ana miaka mingi ya kulima na kubeba mizigo.

Tumtazame Yannick Bolasie, aliyeichezea timu ya taifa ya Kongo. Mwezi wa Desemba 2016, akiichezea Everton ya Uingereza, aliumia kano hiyo. Alipasuliwa na waganga hodari, akakosa mashindano ya Kombe la Afrika ya 2017 kule Gabon, wala hakurudi kucheza ila baada ya mwaka mzima. Ikiwa yeye, mwenye waganga wa kila siku, alingoja hivyo, mtoto wetu atarudije baada ya majuma mawili?

Kijana akiumia, atoke uwanjani mara moja. Alazwe, mguu uinuliwe juu ya mto, goti lifungwe kitambaa bila kukazwa mno, na kuwekewa nguo yenye maji baridi kwa dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Asikandwe kwa maji ya moto siku za kwanza. Kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Asingojwe hata kidogo ikiwa unyayo umekuwa baridi au umekufa ganzi, maana huenda mshipa wa damu umeumia. Si kila mmoja atapasuliwa. Wengine hupona kwa mazoezi ya kuimarisha paja. Lakini aliyepasuliwa asirudi mchezoni kabla ya miezi 9.

Nanyi walimu wa michezo, kabla ya mchezo wapeni watoto dakika 20 za kukimbia polepole, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, na kuruka wakitua magoti yamekunjwa, yasielekeane. Mazoezi ya namna hiyo, yaliyopangwa na FIFA, yamepunguza sana majeraha. Wasichana msiwasahau, kwa kuwa kano hii huwakatikia wao zaidi kuliko wavulana.

Mchezo mmoja ukimkosa kijana, utakuja mwingine. Goti alilo nalo ni la maisha yake yote.