Waraka wa wazi kwa Mkurugenzi wa INPP, Jimbo la Tshopo: Mwalimu na muuguzi nao wafundishwe kuandika programu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la wengi. Wako watu wazima mjini humu, wenye kazi au waliokosa kazi, wanaotaka kujifunza kuandika programu za kompyuta, na hawajui wabishe hodi wapi. Tunaowasemea hapa hawakusomea kompyuta. Yumo mwalimu wa N.U. (Nouvelles Unités) anayefundisha kila siku huku jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Yumo muuguzi wa kituo cha afya, karani wa duka la jumla, na mhitimu wa sheria anayesubiri nafasi isiyotangazwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi tunauliza kwa niaba yao.

Sheria iliyounda INPP, yaani Taasisi ya Taifa ya Maandalizi ya Kazi, ni ya tarehe 29 Juni 1964. Haikuiachia kazi ya kufundisha ufundi wa mikono peke yake. Iliikabidhi pia jukumu la kuwaandaa kwa kazi watu wazima waliopata elimu ya jumla, na la kuwasaidia wanaolazimika kuacha kazi yao ya awali wapate nyingine. Mji huu unajua maana ya kulazimika. Waliofanya kazi Sotexki waliona jinsi kiwanda kikubwa cha nguo kinavyoweza kufifia huku mfanyakazi wake bado ana nguvu, na ujuzi wa mtambo wa kufuma hauna pa kwenda mtaani. Swali letu la kwanza, basi, ni hili: je, kuandika programu kumo katika kazi ambazo INPP Tshopo inamfundisha mtu mzima anayebadili fani? Kama kumo, kutangazwe redioni na kwenye ofisi za komini zote sita, kuanzia Makiso hadi Lubunga. Kama hakumo, tuambiwe kutaingia lini. Hatuzungumzii kuchapa barua kwenye Word, ingawa nako kuna faida yake. Tunazungumzia kuiagiza kompyuta ifanye kazi ambayo hakuna aliyekwisha kuitengenezea programu.

Jambo la pili ni masharti ya kuingia. Katika nchi yetu swali la kwanza analoulizwa mwanafunzi ni seksio aliyosoma. Aliyesoma hesabu na fizikia, au biashara na informatika, hupita. Aliyesoma ualimu au lugha huambiwa kompyuta si yake. Uzoefu wa kwingine unakanusha hukumu hiyo. David Malan, profesa anayefundisha somo la CS50 katika Chuo Kikuu cha Harvard, somo linalofuatwa bure na watu wa dunia nzima, alianza chuo akisomea siasa na serikali kabla ya kuhamia kompyuta. Quincy Larson, aliyeanzisha shule ya mtandaoni ya freeCodeCamp mwaka 2014, alikuwa mwalimu na mkuu wa shule, na alipoanza kujifunza kuandika programu alikuwa ameshapita miaka thelathini. Karibu na sisi, Moringa School ya Nairobi imekuwa ikipokea wanaobadili fani tangu mwaka huohuo wa 2014, na AkiraChix, ya Nairobi pia, imewafundisha wasichana wa familia zisizojiweza tangu 2010. Tunaomba, Mheshimiwa, mtu apimwe kwa jaribio fupi la kufikiri kwa mpangilio, na diploma yake isiwe ya kumfungia mlango. Je, ofisi yako iko tayari kwa hilo?

Anayebadili fani haji mikono mitupu. Hebu pita kwenye vibanda vya kuchapa na kunakili karatasi karibu na Chuo Kikuu cha Kisangani, pale wanafunzi wanapopeleka TFC zao, yaani kazi za kumaliza masomo. Utamkuta kijana ambaye asubuhi anachapa kazi za wengine na jioni anatunza hesabu za depo ya dawa kwenye Excel. Safu ya kwanza ni jina la dawa, ya pili bei, ya tatu idadi ya masanduku yaliyobaki. Kwenye safu ya nne ameandika hivi: =SI(C2<10;"Agiza";""). Maana yake, masanduku yakipungua chini ya kumi, mashine ionyeshe neno Agiza. Yakiwa kumi au zaidi, iache patupu. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni programu. Ameshika sharti na matokeo yake, nayo ndiyo mifupa ya kazi yote. Kutoka hapo hadi kuandika sharti lilelile katika lugha ya Python, atahitaji mwalimu mvumilivu na miezi kadhaa ya mazoezi. Zaidi ya hayo, anajua kitu ambacho aliyesomea kompyuta tangu utoto huenda hakijui: dawa gani huisha wakati wa mvua, na nani hukopa bila kulipa. Tunaomba mafunzo yaanzie kwenye kazi ya mtu, muuguzi ajifunze kwa rejista ya wagonjwa, na mwalimu kwa daftari la alama. Je, walimu wako wanaweza kuandaa somo la namna hiyo?

Heshima tuliyo nayo kwa ofisi yako inatudai pia tuseme ukweli kuhusu soko. Vimezuka vituo vya watu binafsi vinavyomwahidi mwananchi kwamba akilipa ada na kusoma wiki chache, atalipwa dola na kampuni za ng'ambo akiwa nyumbani kwake Mangobo. Ahadi hiyo ina hatari. Andela, kampuni iliyoanzia Lagos mwaka 2014 na kufungua ofisi Nairobi na Kampala, ilisifiwa sana kwa kuwatafutia vijana wa Afrika kazi kwenye kampuni za Marekani. Mwezi Septemba 2019 ilitangaza kupunguza watu wapatao 400 Nigeria, Uganda na Kenya, wengi wao wakiwa wanaoanza, kwa sababu wateja wake walitaka wenye uzoefu. Tangu mwisho wa 2022, ilipotoka ChatGPT, mashine nazo zimeanza kuandika zile programu nyepesi ambazo mwanagenzi alikuwa akijifunzia kazi. Hatusemi watu wasijifunze. Tunasema wasidanganywe. Tunaiomba INPP, ambayo ni ya umma na haiuzi ndoto, ichapishe kila mwaka idadi ya walioanza mafunzo ya programu, waliomaliza, na waliokuwa kazini mwaka mmoja baadaye. Kituo kitakachoogopa kutoa hesabu hizo, wananchi watajua la kufanya.

Kazi yenyewe haiko ng'ambo tu. Wizara ya Afya hukusanya takwimu zake kwa DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuongezea. Mashirika ya misaada hutumia KoboToolbox kuwaandikisha waliohama makwao, na Kisangani inawajua wahamaji hao tangu vita kati ya jamii za Wambole na Walengola vilipolipuka mwaka 2023. Tukishuka mto hadi Yangambi, ndani ya msitu wa hifadhi, kuna mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni tangu 2020. Namba zinazotoka kwenye mnara kama huo ni nyingi mno kusomwa kwa macho; zinahitaji programu na mtu wa kuiandika. Je, ofisi yako imekwisha kuketi na Kitengo cha Afya cha Jimbo, kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA Yangambi, Chuo Kikuu cha Kisangani na mashirika haya, kuuliza wanahitaji wangapi, na kama wangepokea wanagenzi kwa miezi mitatu au sita? Cheti kinachofuatwa na kipindi cha kazi ya kweli kina uzito mjini humu kuliko cheti kitupu.

Tuje kwenye umeme, kwani bila umeme haya yote ni maneno. Kituo cha umeme cha Mto Tshopo kina mitambo mitatu ya tangu zamani, na mmoja ukiharibika mji mzima unajua kabla ya shirika la umeme la SNEL kutangaza. Wenye uwezo huwasha jenereta, wengine husubiri. Mtu anayejifunza kuandika programu hawezi kusubiri siku tatu, kwa kuwa alichokishika Jumatatu kitakuwa kimemtoka Alhamisi. INPP ni nyumba inayojulikana kwa kufundisha umeme. Tunapendekeza wanafunzi wa fani hiyo wafunge paneli za jua na betri kwa ajili ya chumba kimoja cha kompyuta, iwe kazi yao ya vitendo chini ya uangalizi wa walimu wao. Kompyuta ndogo za mkononi hula umeme kidogo, na chumba cha kompyuta kumi na tano hakihitaji mtambo mkubwa. Tunaomba jibu: inawezekana, au kuna kizuizi tusichokijua?

Kuhusu intaneti, tunafurahi kwamba mwezi Mei 2025 ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, iliipa Starlink, huduma ya intaneti ya satelaiti, kibali cha kufanya kazi nchini, baada ya huduma hiyo kupigwa marufuku mwaka uliotangulia. Lakini mwananchi anayenunua mega za siku kwa franga zake za mwisho hawezi kufuata masomo ya video. Dawa ipo, na ni rahisi. Programu ya Kiwix huhifadhi Wikipedia na vitabu vya mafunzo ndani ya mashine moja, na wanafunzi wote chumbani wakaisoma kwa simu au kompyuta zao bila intaneti kabisa. Anayeandika Python haihitaji intaneti kila dakika. Anaihitaji mara moja, anapoiweka Python kwenye kompyuta. Tunaomba chumba cha kwanza kianze hivyo, bila kungoja mkataba mkubwa wa satelaiti. Je, mkoba wa ofisi yako unaweza kubeba mashine moja ya namna hiyo mwaka huu?

Kuna suala la lugha pia. Masomo hutolewa kwa Kifaransa, amri za kompyuta ni za Kiingereza, na mwanafunzi nyumbani anazungumza Kiswahili au Kilingala. Hatuombi Kifaransa kiondolewe. Tunaomba mwalimu apewe ruhusa rasmi ya kueleza jambo gumu kwa lugha ambayo darasa linaielewa, na asione haya kufanya hivyo mkaguzi akiwapo. freeCodeCamp, tuliyoitaja, imeanza kutafsiri masomo yake kwa Kiswahili, na hayana malipo. Walimu wako wanaweza kuyachukua, kuyarekebisha, na kuwarudishia waliotafsiri makosa waliyoyaona.

La mwisho ni saa, ada na mto. Mwenye kazi hawezi kuketi darasani saa za asubuhi. Tunaomba madarasa ya jioni na ya Jumamosi. Lakini tunakumbusha kwamba anayeishi Lubunga lazima avuke Mto Kongo kwa mtumbwi au mashua, na giza likishaingia safari hiyo haimpendezi yeyote, hasa mwanamke aliye peke yake. Kwa hiyo ng'ambo ya kushoto nayo ipewe darasa lake, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki katika shule iliyo tayari kutoa chumba. Kuhusu ada, waajiri wa nchi hii wanatakiwa kisheria kuichangia INPP kwa ajili ya mafunzo. Wananchi wangependa kujua sehemu gani ya mchango huo inarudi Tshopo, na kama inaweza kupunguza ada ya mwalimu asiye na mshahara. Tunauliza bila kumshutumu mtu. Jibu lenye namba litatuliza mengi yanayosemwa mitaani.

Mheshimiwa Mkurugenzi, hatukuomba jengo jipya wala msaada wa nje. Tumeomba chumba kimoja chenye jua na betri, mlango usiouliza seksio, somo linaloanzia kwenye kazi ya mtu, na hesabu ya wazi ya waliofaulu. Ukurasa huu uko wazi kwa jibu lako. Tutalichapa lote bila kulikata, hata kama litakuwa la kutukosoa. Nawe msomaji unayetaka kubadili fani, usikae kungoja jibu hilo: nenda INPP wiki hii, andikisha jina lako na kazi unayoifanya sasa, na uulize darasa linaanza lini. Maombi mia yaliyoandikwa yana nguvu kuliko waraka mmoja wa gazeti.

Wako kwa heshima,
Wahariri, Kisangani