Kuvu Isisingiziwe

Mkate uliosahauliwa kabatini kwa siku chache huota kuvu, nawe, msomaji, huutupa pasipo kufikiri zaidi. Katika ukoo wa kuvu hizo zimo zile ambazo matabibu huziita mukorale. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, zimo katika udongo, majani yaliyooza na samadi. Huzivuta puani mara nyingi usidhurike, maana chembe nyeupe za damu yako huziangamiza kabla hazijachipua.

Katika mwaka wa 2021 kuvu hizo zilishitakiwa mbele ya ulimwengu. India ilikuwa imeelemewa na wimbi la pili la Korona. Wagonjwa waliodhaniwa kuwa wamepona walirudi hospitali na pua zilizoziba, nyuso zilizovimba na macho yaliyopungua nuru. Kufikia Julai serikali ya nchi ile ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 45,000, na katika hao zaidi ya 4,000 walikufa. Wengine waliokolewa kwa kutolewa jicho au mfupa wa taya. Magazeti yakapiga kelele: kuvu nyeusi! Hata jina lenyewe lapotosha. Weusi ule si wa kuvu. Ni wa nyama iliyokufa. Kuvu hupenya mishipa ya damu na kuiziba, na nyama iliyonyimwa damu hufa na kusawijika.

Naikataa hukumu hiyo. Kuvu ilikuwapo India miaka yote, katika udongo uleule. Kilichobadilika ni miili iliyoipokea. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa na kisukari, na baadhi yao hawakujua. Damu ikizidi sukari, chembe nyeupe hulegea katika ulinzi wake. Kisukari kikipita kiasi, damu huingia asidi, na asidi hiyo hukifungua chuma ambacho mwili ulikuwa umekificha. Na chuma ndicho kuvu hii hukitamani kuliko vyote. Juu ya hayo zikaja dawa za steroidi. Sizitukani. Majaribio yaliyofanywa Uingereza mwaka wa 2020 yalithibitisha kuwa deksamethasoni iliokoa maisha ya wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni. Lakini majaribio yayo hayo hayakuona faida yoyote kwa wasioihitaji. Hata hivyo dawa hizo zilimezwa na watu waliolala majumbani mwao, pengine kwa wingi na kwa siku nyingi, bila ya mtu kuwapima sukari. Na steroidi huipandisha sukari na kuwalaza walinzi wa mwili kwa wakati mmoja. Basi ni nani aliyeufungua mlango?

Najua jibu litakalotolewa: maradhi haya ni haba, na nchi yenye fedha chache haina budi kushughulikia yaliyo mengi. Hoja hii ina sura ya busara, lakini sura tu. Maradhi haya ni haba kwa mtu mzima wa afya. Si haba vivyo hivyo kwa mwenye kisukari kisichotibiwa, kwa aliyepandikizwa figo, wala kwa anayetibiwa saratani ya damu. Tena hayaambukizi kutoka mtu hadi mtu. Apatwaye huteseka peke yake, na nadhani ndiyo sababu husahauliwa upesi.

Nasi wa Kenya hatuwezi kujificha nyuma ya neno hilo haba. Kuvu nyingine, kriptokokasi, ikaayo katika udongo na mavi ya njiwa, imeua Waafrika wengi wenye virusi vya Ukimwi kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu ileile: walinzi walikuwa wamedhoofika. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu za kuogopwa, mwaka wa 2022, kriptokokasi iliwekwa katika daraja la kwanza na mukorale katika la pili.

Kuvu zote mbili hutibiwa kwa amfoterisini, dawa iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutokana na kiumbe kidogo cha udongo wa Venezuela. Huingizwa mshipani, hudhuru figo, na aina yake iliyo salama zaidi ni ghali. Mwaka wa 2021 iliadimika India, jamaa za wagonjwa wakahangaika kuitafuta. Kupima sukari hutaka tone moja la damu ya kidole, na dakika isiyotimia.