Haki ya Aliyeuawa Isitegemee Bahati

Juni 23, 2025, Mahakama Kuu iliyoketi Mtwara iliwatia hatiani maofisa wawili wa Jeshi la Polisi kwa kumuua kwa kukusudia kijana wa miaka 25, mfanyabiashara wa madini, mkazi wa Wilaya ya Nachingwea, na kuwahukumu adhabu ya kifo. Wenzao watano walioshtakiwa pamoja nao waliachiwa huru. Kijana huyo aliuawa Januari 2022, baada ya kufuatilia fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 33, zilizochukuliwa na askari waliompekua. Kosa lake, kama hilo laweza kuitwa kosa, lilikuwa kudai chake.

Kwa wakazi wa Malolo na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, habari hii si ya mbali. Huku kwetu, korosho na ufuta vikishauzwa, wapo vijana wanaochukua sururu na kwenda machimboni, na anayejaliwa kuokota jiwe la thamani husafiri kwenda mjini kutafuta mnunuzi. Mzazi anayemsindikiza mwanawe kituo cha basi anajua kwamba yule wa Nachingwea angeweza kuwa wake.

Hatukusudii kuijadili hukumu yenyewe. Hiyo ni kazi ya mahakama, na anayehukumiwa ana haki yake ya kukata rufaa kwa mujibu wa sheria. Tunalotaka kujiuliza ni jambo jingine: ilikuwaje shauri hili likafika mbele ya jaji, hali mengine ya namna hiyo yaliishia njiani?

Jibu si gumu kulipata. Ndugu wa marehemu hawakukubali kunyamaza. Walimtafuta kijana wao, wakauliza, wakarudi tena kuuliza, mpaka habari ikawa ya nchi nzima. Mwishoni mwa Januari 2022 watuhumiwa walifikishwa mahakamani. Februari mwaka huo huo, Rais Samia Suluhu Hassan alisema wazi kwamba haiwezekani Polisi watuhumiwe kuua kisha Polisi hao hao wajichunguze, akamwagiza Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Ruangwa, aunde kamati ya kulitazama jambo hilo. Baada ya hapo ilichukua zaidi ya miaka mitatu kuifikia hukumu.

Tunaishukuru familia ile kwa uvumilivu wake, na tunaipongeza Serikali kwa kauli ile. Lakini hatuna budi kusema ukweli: haki iliyopatikana Mtwara ilipatikana kwa sababu zisizo za kawaida. Je, kama ndugu wale wangekuwa watu wa kutishika? Kama habari isingemfikia Rais? Haki inayongoja Mkuu wa Nchi aseme neno ni haki ya bahati, na bahati haimwendei kila mtu.

Tutazame mashauri mengine ili tuone kwamba hatusemi haya kwa chuki. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge waliuawa na askari jijini Dar es Salaam pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba. Polisi walitangaza kwamba waliouawa ni majambazi na kwamba walikufa katika mapambano ya kurushiana risasi. Rais wa wakati huo, Ndugu Jakaya Kikwete, aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, nayo ikabaini kwamba watu wale hawakuwa majambazi. Agosti 2009 Mahakama Kuu iliwaachia washtakiwa wote. Ilipofika Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja na kuthibitisha kuachiwa kwa wengine watatu, akiwamo aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, ambaye kesi hiyo ilijulikana kwa jina lake. Ilichukua miaka kumi na zaidi. Tumfikirie yule dereva: hakuwa na madini, hakuwa na fedha za madini, hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa kazini, akitafuta nauli. Bila ya tume ile, mpaka leo jina lake lingekuwa katika orodha ya majambazi.

Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi, Mwenyekiti wa Chama cha Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kuandika habari za mkutano wa chama cha siasa. Hapo nako haki ilisaidiwa na jambo lisilo la kawaida: palikuwa na kamera. Picha za waandishi wenzake zilimwonyesha akiwa amezingirwa na askari katika dakika zake za mwisho. Julai 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Sasa tuliangalie shauri ambalo halikupata tume wala picha. Februari 16, 2018, binti mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, ambaye jina lake nchi nzima inalijua, alipigwa risasi akiwa abiria ndani ya daladala huko Kinondoni, Dar es Salaam, wakati Polisi wakiwatawanya waandamanaji. Hakuwa mwandamanaji. Serikali iligharamia mazishi, na askari sita walishikiliwa. Miezi michache baadaye Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kulifunga jalada lao kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha. Viongozi wa chama waliohusishwa na maandamano yale ndio walioshtakiwa. Walitiwa hatiani Machi 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo. Kwa hiyo mashtaka yote yalianza na kumalizika pasipo kumbainisha aliyefyatua ile risasi. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa nyasi ziliumia, tembo wakashtakiana, na aliyezikanyaga hakutajwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawahitaji kusimuliwa maana ya maneno haya. Januari 26 na 27, 2001, risasi za Polisi ziliua watu katika visiwa vyote viwili. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, iliyoundwa baada ya Muafaka wa Oktoba 2001, ilitaja vifo 31. Shirika la kimataifa la Human Rights Watch lilisema waliouawa si chini ya 35. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni nchini Kenya kutafuta hifadhi. Muafaka ule ulifaa, kwani ulirudisha mazungumzo mahali pa risasi. Lakini suluhu ya vyama ni jambo moja, na haki ya mjane ni jambo jingine. Hesabu ya waliokufa ilitolewa. Kosa la kila aliyeua halikupimwa mahakamani.

Na jeraha hilo lilitoneshwa tena Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, na siku zilizofuata. Watu waliuawa katika miji mbalimbali ya nchi, na familia nyingi zilieleza kwamba jamaa zao hawakuwamo katika maandamano, bali walikutwa na risasi nyumbani au njiani. Novemba mwaka huo Rais alitangaza Tume ya kuchunguza, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ni chombo cha heshima, lakini haina uwezo wa kumtia mtu hatiani. Kazi yake hukamilika pale tu inapofungua mlango wa mahakama. Hicho ndicho kipimo tunachopaswa kuipimia kila tume, iwe ya 2001, iwe ya 2006, iwe ya 2025.

Wapo watakaosema kwamba maneno kama haya yanawavunja moyo askari. Hatukubaliani nao, ingawa tunaifahamu hatari ya kazi hiyo. Julai 2015 askari waliuawa katika kituo cha Stakishari, na Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kuviziwa Kibiti, katika barabara hii hii inayokuja kwetu Kusini. Nao walikuwa watoto wa wakulima na wafanyakazi, na damu yao ni nzito kama ya mtu mwingine yeyote. Lakini askari mwaminifu hanufaiki hata kidogo na kufichwa kwa mwovu. Kinyume chake, raia anayemwogopa askari hatampa habari za jambazi, na askari asiyepewa habari ndiye anayeviziwa. Uchunguzi wa haki humtakasa asiye na kosa kama unavyomfichua mwenye kosa.

Wala hatudai jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako dhidi ya mauaji ya ushirikina walifia mikononi mwa Polisi na maofisa wa usalama kwa mateso. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mzee Ali Hassan Mwinyi, hakumgusa mtu hata mmoja kwa mkono wake. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwa kuwa yaliyotendeka yalitendeka chini ya dhamana yake. Baadhi ya maofisa wahusika walifikishwa mahakamani. Kujiuzulu huko hakukumwondolea heshima. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Viongozi wa leo wanaodhani kuwa kuwajibika ni kujizika na waitazame historia hiyo.

Basi kifanyike nini? Kwanza, sheria iliyopo itumike. Tanzania Bara ina Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayompa hakimu uwezo wa kuchunguza kifo cha mashaka, kuita mashahidi na kutamka jinsi marehemu alivyokufa. Hili si shtaka, na halimngoji mtuhumiwa ajulikane. Ndiyo maana lingefaa sana katika shauri la binti wa daladala. Kila raia anapokufa kwa risasi ya askari au akiwa mahabusu, hakimu na akae hadharani, katika wilaya ile ile, ndugu wakiwapo. Isingojewe kelele ya magazeti.

Pili, upelelezi wa mashauri hayo utoke mikononi mwa Polisi. Kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Tume ya Rais ya Haki Jinai, iliyotoa taarifa yake Julai 2023, ilipendekeza kuwapo ofisi ya upelelezi iliyo huru na Jeshi la Polisi. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuunda kwa sheria ya mwaka 2011 Mamlaka Huru ya kusimamia utendaji wa Polisi. Haikukomesha mauaji, na kesi zake nyingi hukokota. Lakini mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi ya kichwa jijini Nairobi Juni 17, 2025, askari alishtakiwa kwa mauaji kabla ya miezi miwili kupita. Nchi yetu haishindwi kufanya hivyo, tena vizuri zaidi. Na kwa kuwa Polisi ni jambo la Muungano, chombo kama hicho kitamlinda mtu wa Wete sawasawa na mtu wa Malolo.

Tatu, fidia iwe haki, isiwe hisani. Kugharamia jeneza ni ubinadamu, lakini hakumlishi yatima. Familia iliyopoteza mtegemewa wake kwa risasi ya dola isilazimike kubembeleza ofisi kwa ofisi.

Kwa maofisa wa wilaya na mikoa tunasema: mzazi atakapofika ofisini kuuliza aliko mwanawe, msimwambie arudi kesho. Andikeni jina, saa na kituo alikochukuliwa, kwani maandishi hayo huenda ndiyo ushahidi pekee utakaobaki. Kwa wananchi tunasema: msilipize kisasi, na msinyamaze. Tunzeni majina ya mashahidi, peleka habari kwa mtendaji wa kijiji, kwa mbunge, kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo kazi yake yahusu Bara na Visiwani.

Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi, na haki ya kulindwa uhai wake na jamii. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya mwenye ndugu jasiri, au aliyeuawa mbele ya kamera, au ambaye habari zake zimefika Ikulu. Familia ya Nachingwea ilipata hukumu. Yule aliyeuawa bila ya mtu wa kumsemea, katika kijiji ambacho gazeti halifiki, naye ana haki hiyo hiyo, na Serikali ndiyo ndugu yake wa mwisho.